Uzazi Kenya haukuanza kushuka juzi

Ndugu, unasema Wakenya wameacha kuzaa kwa sababu maisha yamepanda miaka hii miwili mitatu. Hapana, safari hiyo ni ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8, kati ya viwango vya juu kabisa duniani wakati huo. Kufikia 1998 ilikuwa 4.7. Halafu ikakwama: utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2003 ulitoa 4.9, na watu wa mipango ya uzazi wakashtuka kweli. Ndipo ikashuka tena, 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022.

Ila huo ni wastani tu, na wastani huficha mengi. Mwaka huohuo wa 2022, Nairobi ilikuwa 2.5, na Mandera, kule kaskazini mashariki, 7.7. Bei ya unga ni moja ya sababu, sikatai, lakini angalia kwanza masomo ya wasichana: wasiosoma kabisa walikuwa na wastani wa watoto 6.3, waliosoma zaidi ya sekondari 2.8. Na sindano za kupanga uzazi siku hizi zinapatikana hadi zahanati za vijijini.