Kabla hujaunga seli za pawabenki, shika mita

Wengi wanaoanza kutengeneza pawabenki huuliza kwanza wanunue kibao gani cha saketi. Vibao vipo na bei yake ni ndogo: TP4056 inachaji seli, kingine kinapandisha volti hadi 5 zinazohitajiwa na simu. Mimi nakuomba, mdogo wangu, uanze na seli. Moto huanzia huko.

Tunazotumia ni zile za 18650, kipenyo milimita 18 na urefu 65, zinazotolewa kwenye betri za laptopu zilizokufa. Mara nyingi betri nzima hufa kwa sababu ya seli mbili tatu zilizochoka, nyingine bado nzima. Pima volti za kila moja kwa mita ya umeme. Iliyoshuka chini ya volti 2 itoe hata kama inakubali chaji, maana shaba ya ndani huenda imeshaanza kuyeyuka, na siku moja inaweza kupiga shoti yenyewe. Iliyobonyea, yenye kutu, au inayopata moto ikiwa kwenye chaji, usiihurumie.

Kwenye kuunga ndipo penye kazi. Seli zinazokwenda sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, lazima ziwe na volti sawa. Ukiunga yenye 4.1 na yenye 3.4, iliyojaa inamwaga umeme kwa mwenzake bila kizuizi, ampea kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo chaji kila moja peke yake hadi 4.2, ziache wiki nzima, kisha pima tena. Seli iliyoporomoka hadi 4.0 wakati wenzake wako 4.18 haifai. Hatua hii inarukwa sana kwa haraka ya kumridhisha mteja, na inaniuma, kwa sababu watu hulala na pawabenki kitandani.

Halafu tazama kichwa cha seli kwa makini. Kitufe cha katikati ni chanya, lakini ukingo unaokizunguka ni sehemu ya kopo, yaani mwili wa chuma wa seli, na kopo lote ni hasi. Kinachozitenganisha ni kipete chembamba cha karatasi na nailoni ya juu. Nailoni ikichanika, ivalishe mpya kabla ya kitu kingine chochote. Usichomelee risasi moja kwa moja kwenye seli, joto linaiua. Tumia kishikio cha plastiki chenye springi.

Seli za dukani zilizoandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji ambayo seli inabeba) ziache. Nzuri za ukubwa huu kwa kawaida huwa kati ya 2000 na 3500.

Na mteja mwambie ukweli. Seli nne za 2500 ni 10000 mAh kwa volti 3.7, kwa volti 5 hazifiki 7400, na kibao nacho kinakula sehemu yake. Kwa TP4056 inayotoa ampea 1, kuzijaza kunazidi saa 10.