Usiuze kiwanja kwa ajili ya PET, mama achukuliwe kinyama cha uvimbe kwanza

Mleta mada, kiwanja cha Buswelu usikiuze. Umeandika mama ana uvimbe titini, kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, yaani biopsi) hakijachukuliwa, na kuna mtu kakwambia umkimbize Dar au Nairobi akapige picha ya PET "inayoona saratani mwili mzima". Unauliza wapi nafuu na mionzi ina madhara gani. Nimesoma nikatetemeka, maana ndivyo nilivyofanya kwa baba.

Baba ni mvuvi wa Igombe. Alikohoa, akakonda, usiku jasho. Picha ya CT ikaonyesha tezi zimevimba kifuani, daktari akataka kinyama. Hapo akatokea wakala wa safari za matibabu: ya nini kumchoma mzee sindano kifuani, kipimo kipya kinamaliza kila kitu! Nikauza injini ya mtumbwi, tukavukia mpakani Sirari kuingia Kenya. Picha zikatoka, tezi zinawaka kama karabai za wavua dagaa. Ripoti ilisema inaweza kuwa saratani, inaweza kuwa maambukizi, kinyama kichukuliwe. Wakala alitusomea neno saratani akaishia hapo, na mimi niliyesoma sikuendelea mstari wa pili.

Ndugu wakaja kutoka Geita na Ukerewe, baba akagawa nyavu zake. Wiki 7 bila dawa, akikohoa chumba kimoja na wajukuu. Kinyama kilipochukuliwa, TB. Dawa za miezi 6, tena za bure. Baba alipona, ila mwanangu wa miaka 4 alikuwa ameshaambukizwa. Wakala hapokei simu yangu mpaka leo. Pesa nimeshamsamehe, zile wiki 7 sijamsamehe.

Ndugu yangu, PET haioni saratani. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi, na panapotumia sukari nyingi panawaka. Saratani hula sukari, lakini hata seli za kinga zinazopigana na TB hula. Ubongo wa mtu mzima wa afya unawaka, kibofu kinawaka. Na saratani nyingi za tezi dume hazing'ai vizuri kwa sukari hiyo.

Mama yako anahitaji ultrasaundi, mamogramu (eksirei ya titi) na kinyama, na hicho kinyama kikikutwa na saratani kipimwe vipokezi vya homoni na HER2 (protini ya kwenye seli za saratani), kwa kuwa ndivyo vinavyoamua dawa. Hakuna picha itakayokwambia hayo. Hospitali ya Bugando wanatibu saratani hapahapa Mwanza. Ingekuwa limfoma, saratani ya tezi za limfu, ningesema mengine, huko PET inasaidia kweli kujua ugonjwa umefika wapi na kama dawa zinafanya kazi.

Daktari akikuandikia kipimo chochote kikubwa, muulize: majibu yakiwa hivi utamtibu vipi, yakiwa vile utamtibu vipi? Kama matibabu ni yaleyale, pesa ibaki mfukoni.

Mama ameshapewa tarehe ya kinyama? Nijibu hapahapa.