Jibu: Kwanza uliza kila mtu alinyang'anywa nini

Dada uliyeanzisha uzi, umeuliza kama ule utafiti wa Uingereza wa Januari 2021 unatuhusu sisi wa Kisumu. Kwa ambao hawajausoma: watu waliohojiwa kabla ya korona walihojiwa tena Aprili 2020, ikaonekana msongo wa mawazo umewapanda zaidi wanawake wa asili zote, na wanaume wa jamii za wachache, kuliko wanaume Waingereza weupe.

Mimi si daktari. Nilikuwa dereva wa tuktuk, steji ya Kondele, na tulipanga chumba Manyatta. Tuliumia tofauti, ndiyo. Lakini huyo jamaa wa hapo juu anayesema kuna makabila yenye roho ngumu anatupotosha.

Anza na nyumba. Kafyu ya Machi 2020 ilitaka saa moja jioni uwe ndani. Mimi saa hiyo sikuwahi kuwa nyumbani tangu nioe. Shule zimefungwa, watoto wanne, chumba kimoja. Mke wangu aliuza samaki soko la Kibuye, arudi apike, afue, atufundishie watoto. Aliniambia baadaye kwamba mahali pekee alipokuwa peke yake ni chooni, na alikuwa akikaa humo mpaka majirani wabishe. Mimi nilikuwa naosha tuktuk. Haijatoka, haina vumbi, naiosha tu.

Kisha msiba. Baba mkwe, Mluhya, alifariki kaunti ya Vihiga mwezi Juni 2021, wakati kaunti 13 za huku kwetu ziliwekewa masharti makali: kafyu saa moja hadi saa kumi alfajiri, kuzika ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Shemeji yangu aliandika orodha ya hao 50 nyuma ya jalada la daftari. Nilimwona akifuta majina, na aliowafuta wengi ni marafiki zake mwenyewe, ili shangazi wapate nafasi.

Kwa Waluhya, na kwetu Wajaluo pia, matanga yana usiku wake. Wanaume wanaota moto, wanapiga hadithi za marehemu, na hapo mwanamume akilia hakuna anayemshangaa. Moto ule haukuwashwa. Mke wangu alirudi akalia na wanawake wa ploti, wiki mbili nzima, wakipokezana kumpikia uji. Shemeji hakuwa na pa kulilia. Akaacha kula na watu.

Jirani yetu Mnubi, Mwislamu, alinicheka kidogo kuhusu hizo saa 72. Wao huzika siku hiyohiyo. Kwao saa 72 ni kuchelewa. Kidonda chake kilikuwa kingine. Misikiti na makanisa yalipofunguliwa Julai 2020, waliozidi miaka 58 walizuiwa kuingia. Mzee alikuwa na 61. Kila Ijumaa alivaa kanzu, akatoa kigoda mlangoni, akasikiliza adhana akiwa pale.

Sasa mtafiti aje atuhesabu. Muuguzi aliponiuliza kama nina huzuni, nilisema hapana, ni mgongo tu. Shemeji naye angesema kichwa. Kwenye karatasi sisi wawili ni wazima na mke wangu ndiye mgonjwa! Na mwenye mawazo mabaya zaidi angesemaje, wakati kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hapa kwetu, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangua Januari 2025?

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Desemba tukarudi Vihiga, wazee wakakubali moto uwashwe, miezi sita baada ya mazishi. Shemeji aliwaita wale aliowafuta kwenye daftari. Tulikaa mpaka majogoo. Kama saa nane hivi alilia, kwa sauti, na mtu akasogeza gogo motoni.