Vijipu vyenye tundu mgongoni mwa mtoto

SWALI: Assalaamu alaykum, bibi. Mwanangu wa miezi 7 ametoka vijipu vitatu mgongoni. Kila kimoja kina tundu, na jana nimeona kitu cheupe kikichungulia. Mama mkwe anasema ni hasadi. Nifanye nini?
Mama wa mtoto, Wete

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Hilo ni buu la nzi, si jicho la mtu. Mwambie mama mkwe kwa adabu, maana naye ana uchungu na mjukuu.

Nzi huyu, Cordylobia anthropophaga, hutaga kwenye mchanga wenye mkojo au nguo mbichi zilizoanikwa. Mayai huanguliwa kwa siku 1 hadi 3, na buu likihisi joto la mwili hupenya ngozini. Kwenye lile tundu ndipo linapovuta pumzi.

Usikamue kwa nguvu, wala usitoboe kwa sindano! Likikatikia ndani, kidonda huvimba na kutunga usaha. Paka mafuta ya mgando mengi juu ya tundu, kisha mpeleke kituo cha afya. Likikosa hewa hujitokeza, na muuguzi atalibinya taratibu. Kwa mtoto mdogo hivyo, usilitoe buu mwenyewe.

Sasa niambie, mawinda yake unaanika wapi? Nilipokuwa kazini hilo ndilo swali langu la kwanza, na mara nyingi jibu lilikuwa majanini. Anika kambani, juani, kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mapindo. Kanga ya mbeleko usiisahau.