Mradi wa betri ukija kwenu, anza kuuliza kuhusu moto

Nimehudhuria mabaraza mengi ya miradi ya umeme hapa Kenya, na karibu kila mara mwananchi wa kwanza kusimama huuliza kama vijana watapata kazi. Ana haki ya kuuliza. Ila kituo cha kuhifadhi umeme kwa betri kina vibarua wakati wa ujenzi tu. Makontena yenye betri yakishawashwa, hubaki walinzi na mafundi wachache. Ripoti ya tathmini ya athari za mradi kwa mazingira na jamii isiyotenganisha vipindi hivyo viwili inawapotosha watu, na ningeirudisha kwa hilo pekee.

Mimi huanza na moto. Tarehe 16 Januari 2025 kituo cha Moss Landing, California, kiliungua. Betri za megawati 300 zilikuwa zimepangwa ndani ya jengo moja, ukumbi wa zamani wa mitambo. Zaidi ya watu elfu moja waliamriwa kuhama, barabara kuu ikafungwa, na mwezi uliofuata moto ukazuka tena. Watafiti wa maabara ya bahari iliyo jirani walikuta nikeli, manganizi na kobalti zimeongezeka kwenye udongo wa kinamasi cha Elkhorn Slough. Waliweza kusema zimeongezeka kwa sababu udongo huo walikuwa wameupima kabla. Kwa hiyo dai vipimo vya udongo, visima na malisho kabla kontena la kwanza halijashushwa, na nakala ibaki kwa jamii. Bila hivyo, mbuzi wakifa mtaambiwa ni ukame.

Uliza pia aina ya betri na umbali kati ya kontena na kontena. Zile za lithiamu na fosfeti ya chuma hazishiki moto kwa wepesi kama za nikeli na kobalti, lakini nazo zikichemka hutoa gesi yenye sumu inayoweza kulipuka. Huko Arizona, Marekani, mwaka 2019, wazimamoto wanne waliumia vibaya mlipuko ulipotokea baada ya kufungua mlango wa kituo cha betri. Je, zimamoto wa kaunti yenu wamefunzwa? Watafika baada ya muda gani? Maji watakayomwaga yataelekea mto upi? Majibu yawe ndani ya ripoti, yasiishie kwenye kipaza sauti.

Ardhi ni kidonda chetu cha zamani. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, kule Marsabit, ilikuwa tayari inazalisha umeme pale mahakama ya Meru, Oktoba 2021, ilipoamua kwamba hatimiliki za ekari 150,000 zilipatikana kinyume cha sheria. Kama ardhi ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa mwekezaji uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo kwenye mkutano. Sahihi za wazee watano hazitoshi.

Akina mama wasikilizwe peke yao, na saa ambayo hawako kisimani. Wao ndio walioniuliza kuhusu kelele za feni za kupozea usiku, jambo ambalo wanaume hawakuligusa.

NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikishatangaza ripoti, kwa kawaida mna siku 30 za kutoa maoni. Yaandikeni, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Leseni ikitolewa na hamjaridhika, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal).