Anayefundisha Imani Apatikane Kesho

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, kila Mkristo ana wajibu wa kuwafundisha wengine imani, au hiyo ni kazi ya mapadri, wachungaji na makatekista?

Ni wajibu wa kila aliyebatizwa, na sioni mlango wa kuutorokea. Mwisho wa Injili ya Matayo, Bwana anawatuma wanafunzi waende kwa mataifa yote, wabatize, na wawafundishe watu kushika yote aliyowaamuru. Sisi tunapenda ile sehemu ya kwenda. Tunaiimba, tunaichezea ngoma, tunaichangia pesa za safari. Tukifika kwenye kufundisha sauti zinapungua, maana kufundisha kunakula muda. Kwa hiyo naongeza sharti moja ambalo naona tunalisahau: anayetaka kufundisha imani awe mtu wa kupatikana kesho. Mlango wake ujulikane, ili aliyemsikia aweze kurudi na swali lake, au hata na lawama yake.

Pandeni basi la asubuhi kutoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mtanielewa. Hamjamaliza nyumba za mwisho za mji, kijana wa suti na Biblia ya zipu anasimama katikati ya viti. Anamwombea dereva, anaziombea tairi, anafunga roho za ajali, anatuonya juu ya moto wa milele, anapitisha bahasha ya sadaka, kisha anashuka kungoja basi la kurudi mjini. Sisemi ni mwongo. Siku nyingine anasema maneno mazuri, na ajali za barabara ile tunazijua wote. Ila siku moja mzee aliyeketi pembeni yangu alimwinulia mkono, akamuuliza kwa adabu kabisa: "Pasta, mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa anakwenda wapi?" Kijana akajibu, "Tuombe," akafumba macho. Bahasha ikapita.

Mzee hakuuliza kwa kutaka ubishi. Tulizungumza sisi wawili mpaka mpakani. Nilimwambia ninachojua: kwamba Kanisa Katoliki linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na kwamba lina sala zake za kuwazika. Alikuwa hajawahi kuambiwa hilo, na alikuwa amezika mjukuu. Nikampa namba yangu ya simu na jina la parokia yetu, kwa sababu jibu la namna hiyo halimalizikii kwenye kiti cha basi.

Najua kuna atakayeniletea Filipo na yule towashi wa Kushi: si alifundisha njiani, kisha akatoweka? Ndiyo. Lakini someni tena Matendo sura ya 8. Filipo alipanda garini kwa kukaribishwa, akaanzia kwenye maneno yale yale ambayo mwenzake alikuwa anayasoma, na hawakuachana mpaka yule mtu amebatizwa. Wala hapakupita bahasha. Paulo naye, ambaye tunamfikiria kama mtu wa safari tu, alikaa Korinto mwaka mmoja na miezi sita, na Efeso miaka mitatu.

Huko Korinto alifikia kwa watu wawili ambao nawahesabu wenzangu wa sindano, Akila na mkewe Prisila, mafundi wa mahema. Mimi ni fundi cherehani katika komini ya Kenya (hii yetu ya Lubumbashi, msije mkanipeleka Nairobi), kwa hiyo habari zao nazisoma kwa wivu kidogo. Baadaye wakiwa Efeso walimsikia Apolo, msemaji hodari, akihubiri kwa moto huku akijua ubatizo wa Yohane tu. Hawakusimama kumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamweleza vizuri zaidi. Mafundi wawili, mmoja wao mwanamke, wanamfundisha mhubiri, na hakuna aliyeaibika. Mtu akiniambia hajasoma teolojia, hivyo hawezi kufundisha, namtuma kwa hawa.

Sisi wa Katanga hatuna hata haja ya kwenda Efeso kutafuta mfano. Miaka ya 1950, Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa padri wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, kule Kolwezi, na kutoka kwake na hao wafanyakazi ikazaliwa Jamaa, chama cha Wakatoliki cha kufundishana imani. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili chetu hiki cha kambi za migodi, na maneno yao makubwa yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hukuingia kwa kujaza karatasi. Mume na mke waliotangulia waliwapokea ninyi mume na mke, wakawafundisha pole pole nyumbani, mkazungumza mambo ya ndoa yenu, hasira na mshahara vikiwemo, mpaka wale wawili wakawa baba yenu na mama yenu katika imani. Wazazi wangu walifundishwa hivyo. Mwalimu wao alikuwa mtu wa zamu za usiku, mkewe aliuza samaki wakavu, na mama alikuwa anajua siku gani atawakuta wote wawili nyumbani. Baadaye vikundi vingine vilipotea njia, maaskofu wakaingilia kati, na sitaki kupaka rangi sehemu hiyo. Lakini mpango wenyewe, wa mtu kufundishwa na jirani ambaye maisha yake anayaona kila siku, sijaona bado uliouzidi. Mwalimu wa namna hiyo akimpiga mkewe, mtaa mzima unajua kabla ya Jumapili, na somo lake limekwisha.

Hapa karakanani kwangu katekesi, yaani mafundisho ya imani, inakuja bila ratiba. Mwezi uliopita umeme ulikuwa umekatika, tuko kwenye mashine ya miguu, na msichana ninayemfundisha kazi alikuwa anajaza uzi kwenye bobini. Bila kuinua kichwa akasema: "Mama, kama Mungu ni mmoja, Yesu kule Getsemane alikuwa anamwomba nani?" Maaskofu walikusanyika Nikea mwaka 325 kwa sababu ya maswali ya ukoo huo huo, na mimi naulizwa katikati ya pindo la gauni la harusi! Nilimweleza kwamba Mwana alikuwa anaongea na Baba, na kwamba aliomba kama mtu kweli, kwa jasho na hofu, maana alikuwa mtu kweli. Akauliza tena, hapo nikakwama. Nikamwambia nitamuuliza padri. Nilimuuliza, na Jumatatu tukaendelea pale tulipoachia. Nadhani ile Jumatatu ilimfaa kuliko maelezo yangu. Nisingekuwepo Jumatatu, angebaki na nusu ya jibu, na nusu ya jibu kuhusu Utatu ni hatari.

Kama mnataka mlei aliyelipa gharama ya kufundisha, tunaye Isidore Bakanja wa Equateur. Alikuwa mwashi, alibatizwa mwaka 1906, hakuwa padri. Kwenye shamba la Wabelgiji alikofanya kazi aliwafundisha wenzake sala na kuvaa waziwazi skapulari yake, kile kitambaa cha ibada cha shingoni. Msimamizi alichukia vyote viwili, akaamuru achapwe kwa mjeledi wenye misumari. Bakanja alikufa kwa vidonda hivyo mwaka 1909, akiwa amemsamehe, na mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri. Mjeledi ulichelewa, wenzake walikuwa wameshazijua sala.

Na kuna Simon Kimbangu, ambaye Lubumbashi haiwezi kumkwepa, kwa sababu alifungwa hapa. Mimi ni Mkatoliki, sikubaliani na yote yanayofundishwa leo Nkamba, makao ya kanisa lenye jina lake, lakini historia ni historia. Alikuwa katekista wa Wabaptisti. Alihubiri kwa miezi michache tu mwaka 1921, akakamatwa, akahukumiwa kifo, mfalme wa Ubelgiji akaibadili hukumu iwe kifungo cha maisha, na akakaa gerezani mjini kwetu, Élisabethville ya wakati ule, mpaka alipofariki Oktoba 1951. Miaka 30! Mtaniambia: huyo hakupatikana kesho, sharti lako limevunjika. Hapana. Waliopatikana walikuwa wale aliowafundisha. Mkewe, Marie Muilu, alibaki akiwashika waumini kwa siri. Serikali ikawahamisha maelfu ya wafuasi kwenda mikoa ya mbali ili imani hiyo ife, nao wakafika huko wakawa majirani wa watu wapya, wakawafundisha. Waliokuwa wanakatazwa waligeuzwa wamisionari kwa gharama ya serikali.

Sasa upande mchungu. Yakobo anaonya kwamba wasiwe walimu wengi, kwa sababu waalimu watahukumiwa kwa ukali zaidi, na mimi nalichukua onyo hilo kama lilivyo. Katika mitaa yetu kuna vyumba vya maombi ambamo mtoto anayekojoa kitandani au aliyefiwa na mama anaambiwa ni mchawi, ananyimwa bukari (ugali wetu) siku kadhaa "ili atoke roho", kisha tunamkuta analala sokoni. Hilo nalo linaitwa kufundisha neno la Mungu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, lakini polisi hawaingii kila chumba cha maombi. Sisi majirani tunaingia. Kwa maoni yangu, kumwambia mama wa mtoto huyo, ana kwa ana, kwamba Yesu aliwakumbatia watoto na hakumfukuza hata mmoja, ni katekesi iliyo kamili kuliko mahubiri yangu yote ya mwaka.

Kuhusu watu wa dini nyingine sitasema mengi. Petro anataka tuwe tayari kumjibu kila mtu anayetuuliza sababu ya tumaini letu, kwa upole na heshima. Anayetuuliza. Jirani yangu Mwislamu hajawahi kuniuliza. Ananiletea tambi za Idi, mimi nampelekea keki ya Noeli, na siku akiuliza nipo. Simfukuzi na Biblia uani kwake.

Na mtu akikataa? Kijana tajiri alikwenda zake kwa huzuni, na Marko hasemi kwamba Yesu alimkimbilia nyuma. Msichana wa pili karakanani aliacha katekesi, akahamia kanisa la uamsho la barabara ya pili, na tulibishana siku nzima, sitaki kuwaficha. Bado anakuja kazini kila asubuhi, bado namfundisha kukata kola, na ujira wake sijaupunguza hata franga moja.

Mama fundi, Kenya, Lubumbashi