Mfuko wa sindano wa mdogo wako: usiutupe

Dada, umeuliza mambo mawili. Hao wahudumu wanaompa mdogo wako sindano mpya za kujidungia unga (heroini), wanamsaidia au wanamzamisha zaidi? Na ule mfuko ulioukuta chini ya kitanda chake, uutupe au uuache?

Nianze na mfuko. Uache ulipo, nakuomba sana. Ukiutupa leo, arosto, yaani mateso ya kukosa unga, haitamngojea mpaka apate mwingine. Atajidunga kwa sindano ya mwenzake jioni hii hii. Haya nayajua kwa sababu nilijidunga kwa miaka mingi kabla ya kuanza methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, na sasa ni mwelimisha rika, nabeba mifuko ya aina hiyo na kuwafuata watu walipo.

Aliyebanwa na arosto mifupa inamuuma, anatoka jasho, anatapika na kuharisha. Hapo hakai kupima hatari. Wengi wetu hatari tulikuwa tunaijua vizuri sana, ila tulitumia sindano iliyokuwepo. Na ndani ya bomba lililokwisha kutumika hubaki damu isiyoonekana kwa macho. Maabarani, virusi vya homa ya ini C vimekutwa bado na uwezo wa kuambukiza baada ya siku 63 ndani ya bomba, na VVU navyo viliweza kudumu kwa wiki kadhaa. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Jiki ni ya kukimbilia pale tu ambapo hakuna kabisa sindano mpya.

Tena homa ya ini C haipiti kwenye sindano peke yake. Inapita kwenye kikombe cha kuyeyushia, kwenye pamba ya kuchujia, kwenye maji ambayo kila mtu amechovya bomba lake. Ndiyo maana umekuta kwenye mfuko vikombe vidogo, vichupa vya maji safi na pamba zenye spiriti. Ukitoa kimoja humo, umeviachia virusi njia ya kupita.

Sasa hilo swali la kumzamisha. Mama yangu alikuwa na hofu hiyo hiyo, na sitaidharau. Lakini mtu anayeamka na arosto hahitaji sindano mpya imkumbushe unga. Utafiti wa miaka mingi katika nchi nyingi haujaonyesha kwamba mipango hii inaongeza matumizi au uhalifu. Huko Seattle, Marekani, watu walioanza kutumia mpango wa sindano walikutwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kuingia kwenye matibabu kuliko wasioutumia.

Na ukitaka kuona mahali pasipo na huduma hii panakuwaje, soma habari za wilaya ya Scott, jimbo la Indiana, huko huko Marekani. Ni sehemu ya vijijini, na sheria ya jimbo ilikuwa hairuhusu kubadilisha sindano. Mwaka 2015 VVU viliingia katikati ya watu waliokuwa wakijidunga pamoja, na mwishowe zaidi ya watu 200 wakapatikana na maambukizi. Gavana alilazimika kutoa kibali cha dharura ili sindano zigawiwe, na maambukizi mapya yakashuka. Kibali kilikuja baada ya watu kuambukizwa, na hicho ndicho kinachoniuma kila nikiisoma habari hiyo. Njia ilikuwa inajulikana tangu 1984, pale watumiaji wenyewe wa Amsterdam walipoanza kugawiana sindano safi kwa sababu ya homa ya ini B.

Ila sindano yenyewe ni nusu ya kazi. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye kwa muda mrefu alichukua vifaa vyake na kuondoka, hata salamu aliitikia kwa shida. Siku moja akakunja suruali, akanionyesha jipu kubwa lililokuwa linanuka. Hospitali alishakwenda, akatukanwa mapokezi, akaapa kutorudi. Nilimsindikiza kwa muuguzi anayetufahamu, likapasuliwa, akapewa dawa. Tulikuwa bado tunakwenda kusafisha kidonda alipokubali kupima VVU na homa ya ini. Methadoni aliiuliza mwenyewe, baadaye sana. Ningemshika kwa mahubiri siku ya kwanza, asingerudi siku ya pili, na lile jipu lingemtia sumu kwenye damu.

Kuna mipango inayoshikilia masharti ya kuleta sindano moja kuukuu ndipo upewe moja mpya. Mimi nayapinga waziwazi. Mtu anayeogopa kukamatwa na sindano mfukoni ataitupa kwenye mtaro, kisha akija mikono mitupu mnamnyima? Wengine wanachukulia na wenzao wasiothubutu kujitokeza, hasa wanawake, ambao huogopa kunyang'anywa watoto. Anayejidunga mara tatu kwa siku anahitaji sindano tatu. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la sindano 300 kwa mwaka kwa kila anayejidunga ifikapo 2030, na hata hizo hazifiki moja kwa siku.

Kwa upande wako nyumbani: mwulize mdogo wako kama amepewa kisanduku cha kutupia. Kama hana, chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko inafaa, ikijaa wahudumu wanaichukua. Asirudishie kifuniko cha sindano kwa mkono, na wewe usiziokote kwa vidole. Ikikuchoma kwa bahati mbaya, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi ina faida.

Waombe wahudumu hao pia naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, na wakufundishe kuitumia, maana wewe ndiye unayelala chumba cha pili. Ukimkuta anakoroma kwa pumzi za mbalimbali, midomo imebadilika rangi, na haamki hata ukimsugua kifuani kwa ngumi, ita msaada wa dharura, mpe naloksoni, mpulizie pumzi. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu, na usimwache peke yake hata akisema yuko sawa. Naloksoni huisha nguvu mapema, mara nyingi kabla ya unga wenyewe kwisha mwilini, na anaweza kuzima tena.